Chatu Mmoja, Rangi ya Kahawia

Kaka yangu ni dobi, na watu wanamwita Pasi. Jina hilo alipewa na wateja zamani sana, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Ni mtu aliyenyooka kupita kiasi. Hawezi kula kabla hajapitisha kiganja juu ya kitambaa cha meza, na ukisimama mbele yake na kola iliyopinda, ataongea nawe huku macho yapo shingoni mwako mpaka uone haya. Mimi ni mdogo wake, sisi ni wawili tu. Nimekaa kwenye kaunta ya duka lake miaka kumi na saba, napokea nguo, naandika tiketi na kumeza maneno yake. Kwa hiyo nikimsema, nina haki ya kumsema.

Duka lenyewe si kubwa. Mbele kuna kaunta na bomba refu la chuma la kutundikia nguo zilizokwisha. Chumba cha pili ndicho cha kazi: meza mbili, pasi ya mvuke inayokoroma kutwa nzima, na joto la kukufanya ujute kuzaliwa. Nyuma kabisa kuna vyumba viwili anavyoishi kaka tangu mke wake alipofariki. Kila mzigo unaoingia unaandikiwa tiketi yenye namba, na tiketi inachanwa katikati. Nusu moja inabanwa kwenye nguo kwa pini, nusu ya pili anaondoka nayo mteja. Akija kuchukua, nusu zote mbili zinachomwa pamoja kwenye msumari uliosimama juu ya kaunta, na habari ya mzigo ule imekwisha. Ukutani kuna tangazo kwa mwandiko wake kaka: mzigo usiochukuliwa ndani ya miezi mitatu hautunzwi tena. Usidhani anatania. Nimemwona kwa macho yangu akigawa suti ya bwana arusi kwa mpita njia, kwa sababu tu mwenyewe alichelewa siku mbili.

Mzigo mmoja tu ulivuka miezi mitatu, na ulikaa miaka sita. Tiketi yake ilikuwa namba 4471, na juu yake kaka aliandika kwa mkono wake: "Chatu mmoja, rangi ya kahawia."

Huyo chatu alikuwa wa binti yake. Alipewa na mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akihama, binti akiwa na miaka kumi na nne, na akaja naye nyumbani kwenye sanduku la viatu bila kumwomba mtu ruhusa. Ni wa aina ile isiyokua sana, unene wake kama kifundo cha mkono, hana sumu, na akiogopa anajiviringisha donge na kuficha kichwa katikati. Siku ya kwanza alitoroka, akajipenyeza ndani ya suruali ya mteja iliyokuwa ikisubiri pasi, akatokeza kiunoni. Mimi nilipiga yowe mtaa mzima ukasikia. Binti akacheka mpaka akakaa chini, akasema jina limeshapatikana, ataitwa Mkanda.

Ugomvi wao ulikuja binti alipofika miaka ishirini. Alipata nafasi chuo cha tiba ya wanyama, mji wa mbali. Kaka naye, bila kumwambia mtu, alikuwa ameshachorewa ubao mpya wa duka wenye maneno "Pasi na Binti." Ule ubao bado upo, umegeuzwa uso ukutani, tunauwekea sabuni. Siku ile alimwambia mbele ya wateja, sauti juu: "Ukivuka mlango huo kwenda kuogesha mbwa za watu, usiniite baba tena."

Binti alikwenda nyuma, akarudi na begi begani na sanduku la Mkanda mikononi, akaliweka juu ya kaunta kama mteja yeyote.

"Bweni hawaruhusu nyoka," akasema. "Naacha mzigo. Nitakuja kuchukua."

Kaka alikuwa anachemka. Akaninyang'anya kitabu cha tiketi, akaandika, akachana, akamsukumia nusu yake. Binti akaisoma, akaitia kwenye pochi, akatoka. Nilidhani watacheka, kwa sababu wale wawili walikuwa na kawaida ya kugombana mpaka mmoja aseme upuuzi na yote yaishe. Siku ile aliandika upuuzi na hakuna aliyecheka.

Tangu hapo hawakuongea. Binti alikuwa ananipigia mimi kila Jumapili, na kila Jumapili kaka alikuwa anasogea karibu, anakunja taulo ambalo limeshakunjwa.

"Anasemaje?"

"Mpigie umuulize."

"Nimekuuliza wewe."

Namba ya binti alikuwa nayo. Niliiandika mimi kwenye kipande cha karatasi mwaka ule wa kwanza, nikampa, akakitia mfuko wa shati. Kila asubuhi alikihamisha kutoka shati la jana kwenda shati la leo, mpaka kikalainika kama kitambaa. Nilimwona mara nyingi akikitoa, akikitazama na kukirudisha. Nikimshikilia sana anasema, "Nikimpigia nitamwambia nini? Sina la kumwambia." Maskini, alikuwa anasema kweli. Kaka yangu si mtu wa kupiga simu kusema habari za asubuhi. Alihitaji sababu, na mwaka baada ya mwaka sababu haikutokea.

Sanduku la Mkanda aliliweka chini ya meza ya pasi, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Mwanzo alikuwa halitazami. Panya nilikuwa nanunua mimi, kwa muuza chakula cha kuku, mmoja kila baada ya wiki mbili, na muuza chakula mwenyewe aliamini nawala mimi. Halafu siku moja chatu akajivua gamba. Macho yakamwia meupe siku kadhaa, yakatakata, kisha akajisugua kwenye jiwe lililokuwemo sandukuni akatoka ndani ya gamba lake zima zima, kuanzia puani mpaka mkiani, kama mtu anavyovua soksi. Binti alikuwa amenielekeza kabla hajaondoka kwamba nitazame kwenye kichwa cha gamba, kuna vifuniko viwili vidogo vya macho, lazima viwe vimetoka. Nilipokuwa nashika lile gamba nitafute, kaka akaja akalipokea. Akalitazama kwa lenzi anayotazamia madoa. Akalilaza mezani, akalifunika kwa kitambaa chenye unyevu, akalipitishia pasi ya vuguvugu, taratibu, likanyooka lote. Akalitia kwenye mfuko wa plastiki wa mashati na kulibandika tarehe.

Toka siku ile ikawa ndiyo kazi yake. Miaka sita, magamba kumi na tisa, yote mazima, yote na vifuniko vya macho, yamepangwa kwenye droo ya chini ya kaunta. "Siku akija," alikuwa akisema, "aone hakuna kilichopungua."

Basi siku ikaja. Jumapili moja binti akanipigia, akasema amepata nyumba yenye nafasi, karibu na kliniki ya wanyama anapofanya kazi. "Jumamosi ya tatu kutoka leo nakuja kumchukua Mkanda, shangazi. Mwambie baba." Akajisahihisha. "Mwambie mwenye duka."

Nilipomwambia, kaka aliketi. Huwa haketi mchana. Alichokitaka kilikuwa wazi, hata hakujisumbua kukificha: binti aingie ndani, akute mzigo wake mzima, akae japo dakika kumi. Katika hizo dakika kumi yeye angejua la kusema. Aliosha viti viwili vya sebuleni akavitazamanisha. Kisha akamgeukia chatu.

"Hawezi kumkuta chini ya meza kama viatu vya mazishi," akasema.

Akanunua kabati la kioo, akaliweka sebuleni karibu na dirisha. Akafunga taa ya kutoa joto juu yake, kubwa kuliko iliyohitajika, maana muuzaji alimwambia nyoka wanapenda joto na yeye hakuuliza la pili. Lile jiwe la kujisugulia akalitupa kwa kuwa lilikuwa chafu. Bakuli kubwa la maji akaliondoa kwa kuwa lilikuwa linarusha matone kwenye kioo, akaweka kikombe. Chini akatandika kitambaa cheupe, na kitambaa hicho alikipiga pasi na wanga. Mimi nilicheka.

"Kaka, unamwandalia nyoka au unamwandalia mkaguzi?"

"Usinichoshe," akasema. Lakini alikuwa anatabasamu, na mimi nilifurahi kumwona hivyo, sitasema uongo.

Wiki ya pili macho ya Mkanda yakawa meupe. Hatukushtuka, tumeshazoea. Kaka hata alifurahi, akasema binti atamkuta na ngozi mpya. Jumatano ya wiki ya mwisho aliniita kutoka sebuleni kwa sauti ambayo sikuijua.

Gamba lilikuwa limepasuka vipande vipande. Mabaka makavu yamegandamana mgongoni, mengine yamekunjamana tumboni, na karibu na ncha ya mkia kuna pete ya gamba imembana. Yule mnyama alikuwa anajisugua kwenye kioo kitupu, anateleza, anajisugua tena. Hakuwa na jiwe, hakuwa na maji ya kulala ndani yake, na juu yake ile taa ilikuwa inaunguza hewa kutwa. Miaka sita alikuwa analala kwenye mvuke wa pasi na hatukujua kwamba mvuke ndio uliokuwa unamvua.

"Mpigie," nikamwambia.

"Nimpigie nimwambie nimemharibia? Wiki hii hii anayokuja?"

"Si ndiyo kazi yake? Atakuelekeza tu."

"Nimetoa wino, nimetoa nta, nimetoa gundi ya seremala kwenye kanzu ya hariri. Nishindwe na gamba? Na wewe usimpigie. Niapie."

Nikamwapia. Nilikuwa nimechoka kubishana naye, na nilidhani ni ngozi tu. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani, na kila nikilirudia naona simu ilikuwa mkononi mwangu.

Alhamisi alifunga duka saa sita mchana. Hajawahi, hata siku alipokuwa na homa. Aliweka beseni sebuleni, akamimina maji ya uvuguvugu akiyapima kwa kiwiko kama maji ya mtoto mchanga. Akamlaza Mkanda humo, mkono wake chini ya kidevu chake asizame, wakakaa hivyo nusu saa. Kisha akamfunga kwa taulo lenye unyevu na kumwachia apite mwenyewe ndani ya mkono, taulo likimsugua. Kaka hajawahi kuvuta kitu kikavu katika maisha yake. Akiona gamba limekataa, anarudisha kwenye maji, anasubiri, anajaribu upya. Lile la mkiani lilichukua saa nzima. Na muda wote alikuwa anaongea naye.

"Pole bwana. Pole. Hivyo hivyo. Bado kidogo."

Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu binti yake alipougua surua. Nilikaa kwenye kiti kimojawapo cha vile viwili nikamtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilimwonea huruma bila hasira ndani yake. Kila kipande kilichotoka alikitandaza juu ya kitambaa cheupe, akavipanga kwa kufuata mwili ulivyo, kichwa huku, mkia huku. Hakutaka kutupa hata kimoja. Alisema litakuwa gamba la ishirini, la viraka.

Ijumaa asubuhi chatu alikuwa amependeza. Ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Kaka akamtoa, akamsogeza dirishani, akaweka lenzi jichoni kwake, akamkagua kama anavyokagua koti kabla halijatundikwa.

"Jicho la kulia," akasema. "Njoo utazame."

Nikatazama. La kushoto lilikuwa safi kama kifungo kipya. La kulia lilikuwa na mkunjo mdogo juu yake, kama alama inayobaki ukibonyeza karatasi laini.

"Kunyanzi," akasema. "Gamba la jicho limebaki."

"Liache. Binti anakuja kesho, ataliona."

"Ndiyo. Ataliona."

Nikarudi kaunta maana kulikuwa na mteja. Mlango ulikuwa wazi, namwona. Alijaribu pamba yenye maji, mara ya kwanza, mara ya pili. Kunyanzi halikwenda. Sasa, kaka ana ukucha wa dole gumba la kulia anaoufuga kwa kazi. Ni wa kuinulia nta iliyoganda kwenye sufu bila kukata uzi, na nimemwona akiutumia kwa ustadi ambao ungemtoa mtu machozi. Nikaona anauosha kwa sabuni. Nikasema, "Kaka, acha." Nilisema mara moja tu, tena kwa sauti ndogo, huku naandika mashati matatu na gauni.

Alipoinua mkono, kwenye ncha ya ukucha kulikuwa na kitu chembamba, cheupe kama maji. Akanigeukia.

"Umeona?" akasema. Alikuwa anacheka kabisa.

Akakiweka juu ya kitambaa, mahali pa kichwa. Mkanda akajiviringisha donge, akaficha uso katikati, na siku nzima hakuutoa. Kaka akasema amechoka, tumwache alale.

Jumamosi nilifika saa mbili. Kaka alikuwa amevaa shati lake la sherehe na amesimama mbele ya kabati la kioo, mikono pembeni. Chatu alikuwa ametoa kichwa. Lile jicho la kulia lilikuwa limezama, na palipokuwa na jicho pamekuwa na ukungu na majimaji. Sikuhitaji lenzi.

"Mpigie," nikasema. "Sasa hivi. Labda kuna dawa ya kupaka kabla hajafika."

Akatoa ile karatasi mfukoni. Akaikunjua. Ilikuwa imechakaa, namba hazisomeki vizuri, ila nadhani alikuwa anazijua kwa moyo. Akaitazama kwa muda, kisha akaikunja kwa kufuata mikunjo yake ile ile.

"Yuko njiani," akasema.

Binti aliingia saa nne. Amekonda, nywele amezikata, mikono yake ina mikwaruzo ya kazi. "Shikamoo shangazi," akasema, tukakumbatiana, nikamshika muda mrefu kuliko ilivyopasa, kwa sababu nilikuwa najua na yeye hajui. Kisha akamgeukia baba yake.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Binti akafungua pochi, akatoa nusu ya tiketi, akaiweka juu ya kaunta. Alikuwa ameifunika kwa utepe wa gundi pande zote mbili isichakae. Namba 4471. Nilipoiona hivyo nikajipa moyo, maana mtu hatunzi namna hiyo tiketi ya mtu anayemchukia.

"Karibu ndani," kaka akasema.

Vile viti viwili binti alivipita. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akafungua, akamtoa Mkanda, na yule mnyama akajilegeza mikononi mwake mara moja. Miaka sita, na bado alimjua. Binti alikuwa anatabasamu. Kisha akakigeuza kichwa upande wa dirisha, tabasamu likaondoka.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alianza kuuliza, kwa sauti ya kazini.

"Hili kabati lina muda gani?"

"Wiki tatu," kaka akajibu.

"Na kabla?"

"Chini ya meza ya pasi."

"Kwenye mvuke."

"Ndiyo."

"Alikuwa anajivua vizuri?"

Nikajibu mimi. "Mara kumi na tisa. Yote mazima."

"Na haya ya safari hii mmeyatupa?"

Kaka akaonyesha kitambaa. Binti akamtia chatu kwapani, akainama, akaanza kupekua vile vipande kwa ncha ya kidole. Alipekua vya kichwani kimoja kimoja. Akatoa kifuniko kidogo cha duara, akakiweka pembeni. Akatoa cha pili, kilikuwa kimejikunja ndani ya kipande cha shavu, akakinyoosha.

"Hiki cha kushoto," akasema. "Na hiki cha kulia. Vyote viwili vilitoka na gamba." Kisha akaonyesha kile cha tatu, kilichokuwa peke yake. "Hiki kimetoka wapi?"

Kaka alikuwa anatazama dole gumba lake.

"Kulikuwa na kunyanzi," akasema.

"Lilikuwa la kiu. Hewa kavu, jicho linabonyea. Ukimweka kwenye unyevu siku mbili linanyooka lenyewe." Hapo ndipo sauti ilimkatika. "Hiki ulichokitoa si gamba. Ndiyo ngozi ya jicho lake, aliyokuwa anaonea."

"Nilitaka umkute safi."

"Baba," binti akasema. "Si ungenipigia simu tu."

Miaka sita alilisubiri neno hilo, na lilikuja na maneno hayo nyuma yake. Nilimwona likimwingia. Mkono ukaenda mfuko wa shati ukabaki pale pale juu ya karatasi. Nilitaka kusema kwamba na mimi nilikuwa na namba, kwamba niliapa, kwamba nililiona kosa likifanyika nikaendelea kuandika mashati. Sikusema. Hadi leo binti anadhani lilikuwa la baba yake peke yake.

"Atapona?" nikauliza badala yake.

"Jicho halirudi. Kama uchafu haujaingia ndani zaidi, ataishi. Lazima nimfikishe kliniki leo, na leo wanafunga mapema." Alikuwa ameshatoa foronya kutoka kwenye begi, akamtia Mkanda humo, akafunga fundo. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Alipofika kaunta akasimama upande wa wateja. "Asante kwa kumtunza," akasema, na nadhani alimaanisha, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote.

Kaka akaja na nusu yake ya tiketi, ile iliyokuwa imebanwa kwenye sanduku la zamani. Akaiweka kando ya ile nyingine. Zikalingana. Akasimama hapo, haziinui. Binti anasubiri, foronya kifuani. Mimi miaka kumi na saba nimekutanisha nusu mbili za tiketi maelfu kwa maelfu, na mkono wangu ukafanya kabla sijafikiri. Nikazichukua, nikazichoma kwenye msumari.

Binti akanitazama, akamtazama baba yake, akatoka.

Alikuwa ameshavuka barabara kaka alipogutuka. Akavuta droo ya chini, akatoa yale magamba kumi na tisa, akayarundika juu ya kaunta. Akachukua kitabu, akaandika haraka haraka, mwandiko unapinda, yeye ambaye mwandiko wake haupindi: "Magamba kumi na tisa, mazima."

"Kimbia," nikamwambia. "Bado anaonekana."

Akaenda mlangoni. Akasimama, kitabu mkononi. Mgongo wa binti ulikuwa unaonekana kati ya watu, unatembea upesi, kisha ukakata kona.

"Ana haraka," kaka akasema.

"Basi mpigie. Mwambie ameacha mzigo."

"Hakuuacha yeye," akajibu, akafunga kitabu.

Akarudi chumba cha kazi. Kwenye sakafu chini ya meza kuna mahali pa mraba palipobaki peupe, ndipo sanduku lilipokaa, na yeye huwa anakanyaga pembeni yake. Alichukua mkasi wa kukatia nyuzi, akaukata ule ukucha mpaka ukatoa damu, akaendelea na mashati.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Iliyofuata pia haikulia. Nasikia kwa watu kwamba chatu anaishi. Yale magamba yamerudi kwenye droo, na tiketi yake imo humo juu yake, nusu zake mbili bado zimeshikana kwa kuwa hakuna wa kupewa moja. Mteja akiwa hayupo naishika simu, naitafuta namba, na kaka anasogea karibu, anakunja taulo lililokunjwa, haulizi tena anasemaje. Sijapiga. Sijui nianzie wapi. Jana nilimkuta amesimama mbele ya tangazo lake la ukutani, analisoma kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine, na nikahesabu siku. Kesho inatimia miezi mitatu.